Kodi Iliyokatwa na Kodi Unayodaiwa: Mwongozo kwa Mwajiriwa na Aliyejiajiri wa Dar es Salaam

Mtu anayetafuta riziki Dar es Salaam hukutana na kodi ya mapato kwa milango miwili. Kwa mlango wa kwanza kodi humtangulia, yaani hukatwa na mwajiri au mteja kabla fedha haijafika mkononi mwake. Kwa mlango wa pili fedha humfikia nzima, naye hutakiwa kuipeleka kodi mwenyewe kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Siku hizi wengi wetu tunapita milango yote miwili ndani ya mwaka mmoja: mwalimu wa shule binafsi Mbagala anayefundisha masomo ya ziada jioni, mhasibu wa ofisi ya Posta anayewaandalia hesabu wenye maduka wa Kariakoo mwisho wa wiki, au mpiga picha wa Sinza anayehudumia maharusi pamoja na kampuni. Matatizo huanzia hapo, kwa sababu aliyekwisha kukatwa hudhani amemaliza, na ambaye hajakatwa hudhani hadaiwi.

Mwongozo huu unafuata Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, iliyotungwa mwaka 2004, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Viwango hurekebishwa na Sheria ya Fedha, ambayo kila mwaka huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo linganisha hesabu zako na jedwali la TRA la mwaka husika kabla hujalipa.

Hatua ya kwanza: tambua mapato yako ni ya aina gani

Sheria huyagawa mapato ya mtu katika mafungu matatu, nayo ni ajira, biashara na uwekezaji. Mshahara ni mapato ya ajira. Ada ya ushauri, fedha za ushonaji na faida ya duka ni mapato ya biashara, hata kama huna kibao mlangoni. Gawio la hisa, riba ya akaunti ya benki na kodi ya pango la nyumba uliyoipangisha kwa kawaida huingia katika uwekezaji. Mgawanyo huu ndio unaoamua nani akate, akate kiasi gani, na wewe ubaki na kazi gani baada ya hapo.

Mahali penye utata zaidi ni mpaka kati ya ajira na kujiajiri. Zipo ofisi zinazompa mtu mkataba wa ushauri huku zikimtaka aingie saa mbili asubuhi, atumie kompyuta ya ofisi, aombe likizo kwa msimamizi na asifanye kazi kwingine kokote. Jina la mkataba halimgeuzi mtu huyo kuwa mfanyabiashara. Anayetazama uhalisia wa kazi atamwona kuwa mwajiriwa, na aliyepaswa kumkata kodi ya mshahara ni mwajiri. Ukipewa mkataba wa namna hiyo, uliza mapema utakatwa kwa utaratibu upi, kwa sababu tofauti ya fedha ni kubwa na hujitokeza baada ya mwaka kupita.

Ukishajua uko wapi, hakikisha una Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, ambayo wote tunaiita TIN. Anayeanza biashara anatakiwa kuiomba ndani ya siku 15 tangu alipoanza, na maombi hufanyika kwenye mtandao wa TRA kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa. TIN hutolewa bila malipo. Nalisisitiza hilo kwa kuwa jijini hapakosekani vishoka wa kila huduma, na wa kodi nao wapo, ambao humlipisha mtu kwa kitu cha bure na wakati mwingine humwandikia aina ya biashara isiyo yake. Kosa hilo la mwisho ndilo linaloumiza, kwa kuwa makadirio ya kodi hufuata kilichoandikwa.

Hatua ya pili: isome hati yako ya mshahara kwa kalamu mkononi

Kodi ya mshahara, inayojulikana kwa kifupi cha PAYE, hukatwa na mwajiri kila mwezi na kuwasilishwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 vina ngazi tano. Kipato kinachotozwa kodi kisichozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakikatwi chochote. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya ile ziada. Kuanzia hapo hadi 760,000 ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi 1,000,000 ni shilingi 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, na juu ya 1,000,000 ni shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi hiyo milioni.

Chukua mtu wa sekta binafsi mwenye mshahara ghafi wa shilingi 1,200,000. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10, yaani shilingi 120,000, hutolewa kwanza, na kinachobaki kwa ajili ya kodi ni 1,080,000. Kwa kiasi hicho anakatwa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya 80,000, ambayo ni 24,000, hivyo kodi yake ya mwezi ni shilingi 152,000. Anaondoka na 928,000 kama hana makato mengine. Akiwa ni mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo hukatiwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na makato hayo hayapunguzi kodi hata shilingi moja, kwa kuwa hutolewa baada ya kodi kukokotolewa.

Nimewahi kumsikia mtu akikataa nyongeza ya mshahara kwa hofu kwamba akiivuka milioni moja atakatwa asilimia 30 ya mshahara wote. Sivyo ilivyo. Kila ngazi hutoza kipande chake tu. Mtu ambaye kipato chake kinachotozwa kodi kimepanda kutoka 1,000,000 hadi 1,050,000 ataongezewa kodi ya shilingi 15,000, na 35,000 zitabaki kuwa zake.

Mambo matatu yanafaa kukaguliwa katika hati hiyo. La kwanza ni marupurupu: posho ya nyumba, posho ya usafiri wa kila siku na malipo ya saa za ziada ni sehemu ya kipato cha ajira na hutozwa kodi, ilhali fedha ya safari ya kikazi inayorudisha tu gharama ulizotumia kwa ajili ya mwajiri haihesabiwi. La pili ni makato yasiyokuhusu. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayowahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi, na mchango wa asilimia 0.5 wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni mizigo ya mwajiri. Ukiviona vimetolewa katika mshahara wako, una haki ya kuuliza. La tatu ni kama fedha zilizokatwa zinafika, na njia rahisi ya kulijua hilo ni kutazama taarifa yako ya michango ya NSSF, kwani mwajiri anayechelewesha michango mara nyingi huchelewesha na kodi.

Mtu mwenye ajira moja na asiye na mapato mengine hana haja ya kuwasilisha ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato yake na kodi yake, kwa sababu mwajiri amekwisha kumfanyia kazi hiyo. Huyo anaweza kuishia hapa. Hatua zinazofuata ni za mwenye kazi ya pembeni, na za yule ambaye kazi ya pembeni ndiyo kazi yake.

Hatua ya tatu: ukifanya kazi kwa kampuni, dai cheti cha kodi ya zuio

Kampuni, taasisi au mfanyabiashara anapomlipa mkazi wa Tanzania kwa huduma aliyoitoa, sheria inamtaka azuie asilimia 5 ya malipo hayo na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Mbunifu wa michoro wa Sinza aliyetoa ankara ya shilingi 2,000,000 kwa kampuni ya Posta atapokea 1,900,000. Kama amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, zuio hukokotolewa kwa bei kabla ya kodi hiyo kuongezwa. Tangu Sheria ya Fedha ya 2024, watayarishaji wa maudhui ya mtandaoni nao hukatwa asilimia 5. Anayeiuzia Serikali bidhaa hukatwa asilimia 2.

Kwa mafundi wa ujenzi kuna kanuni ya pekee ambayo wengi hawaijui, nayo huwapotezea fedha. Mkataba unaojumuisha vifaa na ufundi hugawanywa kwa uwiano wa tatu kwa mbili, vifaa vikichukua tatu na huduma mbili, na zuio hutozwa kwenye sehemu ya huduma peke yake. Katika kazi ya shilingi 10,000,000, huduma ni 4,000,000, na kinachozuiwa ni shilingi 200,000. Mteja akikata 500,000 amekata kupita kiasi, na ni heri kumwambia siku hiyohiyo kuliko kuanza kufuatilia mwaka unaofuata. Kwa upande mwingine, mtu binafsi anayejenga nyumba yake ya kuishi Goba hatakiwi kumzuilia fundi wake chochote, kwa kuwa malipo yake si ya shughuli za biashara.

Jambo la kushika kuliko yote katika mwongozo huu ni kwamba kodi iliyozuiwa kwenye ada ya huduma haijamaliza deni lako. Ni malipo ya awali. Mwisho wa mwaka utakokotoa kodi ya faida yako yote, kisha utatoa ulichozuiliwa. Zipo kodi za zuio ambazo kweli ni za mwisho: asilimia 10 ya gawio kutoka kampuni ya hapa nchini, au asilimia 5 kama kampuni imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, asilimia 10 ya riba ambayo benki humlipa mtu binafsi asiyeipata kibiashara, na asilimia 10 ya pango analolipwa mtu binafsi ambaye upangishaji si biashara yake. Hizo zikikatwa, mapato yale hayarudi tena katika hesabu. Ada ya huduma hurudi.

Kwa kuwa hurudi, uthibitisho wake ni mali. Uthibitisho huo ni cheti cha kodi ya zuio kinachobeba TIN yako, jina la aliyekata, kiasi cha malipo na kiasi kilichozuiwa. Miaka ya nyuma nilifanya kazi ya tafsiri kwa kampuni moja hapa jijini, ikanikata asilimia 5 kwa miezi mitano mfululizo, na nilipokwenda kudai vyeti nikaambiwa mhasibu ameacha kazi. Kumbe fedha zilikatwa lakini hazikupelekwa. Sikuwa na cheti wala barua, na kile nilichokuwa nimeandika katika daftari langu hakikutosha kuwa ushahidi. Nililipa kodi ileile mara ya pili. Tangu wakati huo huandika katika ankara, chini ya jumla, kwamba cheti cha zuio kitolewe ndani ya mwezi unaofuata malipo, na sikubali kazi ya awamu ya pili kabla sijapata cheti cha awamu ya kwanza. Baadhi ya wateja huona ni usumbufu. Wenye hesabu safi hawajawahi kulalamika.

Angalia pia kwamba TIN iliyoandikwa ni yako na imeandikwa sawasawa. Tarakimu moja ikikosewa, stahili yako haionekani katika akaunti yako ya mlipakodi, na marekebisho yake humtegemea aliyekosea.

Hatua ya nne: ukipanga fremu, wewe ndiye mkataji

Hapa mambo hugeuka, na ndipo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Mwenge na Buguruni hunaswa bila kujua. Anayepanga fremu kwa ajili ya biashara anapaswa kuzuia asilimia 10 ya pango anapomlipa mwenye nyumba. Kama fremu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi na umelipa miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya hapa, mwenye nyumba anastahili kupokea 5,400,000, na 600,000 unazipeleka TRA kabla siku 7 za mwezi unaofuata hazijaisha. Kisha unampatia yeye cheti, kwa sababu kodi hiyo ni yake na wewe ni mpelekaji tu.

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hapendi kusikia habari hiyo. Jibu lake la kawaida ni kwamba anataka milioni sita yake mkononi, na mambo ya TRA utajua mwenyewe. Ukikubali, umekubali kupandishiwa pango. Ili yeye apate 6,000,000 baada ya zuio, pango halisi linapaswa kuhesabiwa kuwa 6,666,667, na kodi yake ni 666,667. Si 600,000 kama wengi wanavyodhani, kwa sababu asilimia 10 huhesabiwa kwa pango lote na si kwa alichopokea yeye. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutia saini mkataba wakati bado una nafasi ya kupatana, na uandike ndani ya mkataba kiasi cha pango kabla ya kodi pamoja na sentensi inayosema kwamba mpangaji atazuia kodi kwa mujibu wa sheria.

Ukishindwa kuzuia, sheria inakuhesabu wewe kuwa mdaiwa. Afisa akikagua vitabu vyako na kukuta pango limelipwa bila zuio, atakudai kodi hiyo pamoja na riba, na kumrudia mwenye nyumba itakuwa ni kazi yako. Nimeona maduka yakidaiwa zuio la miaka mitatu kwa mara moja, kiasi ambacho kingetosha kujaza rafu upya. Mkataba wa pango pia hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, ambao ni mdogo lakini husahaulika.

Hatua ya tano: mfanyabiashara mdogo na thamani ya daftari

Mtu binafsi ambaye mapato yake ya mwaka yanatokana na biashara, na mauzo yake hayazidi shilingi 100,000,000 kwa mwaka, anaweza kulipa kodi kwa utaratibu wa makadirio, unaotazama mauzo badala ya faida. Mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Kundi hilo ndilo lililolengwa na vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa kwa wamachinga Desemba 2018.

Juu ya hapo, sheria inatofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu hutozwa shilingi 100,000 kwa mwaka, na mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu hutozwa 250,000, na mwenye nazo hutozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kuanzia milioni 11 hakuna tena habari ya kutokuwa na kumbukumbu: mashine ya EFD, yaani ya kutolea risiti za kielektroniki, ni ya lazima na kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo.

Mchukulie fundi cherehani wa Manzese anayeingiza wastani wa shilingi 25,000 kwa siku na kufanya kazi siku 300 kwa mwaka. Mauzo yake ni 7,500,000. Bila daftari atalipa 250,000. Akiwa na daftari linaloonyesha kila siku ameingiza nini, kodi yake ni 90,000 pamoja na asilimia 3 ya 500,000, yaani 105,000. Daftari la shilingi elfu tatu limemwokolea 145,000. Si lazima liwe la kihasibu. Tarehe, kazi, kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka vinatosha kuanzia, pamoja na bahasha ya risiti za manunuzi na taarifa ya miamala ya simu iliyochapishwa kila mwisho wa mwezi. Kumbukumbu hizo zitunzwe kwa miaka 5.

Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ukiwa kwenye mfumo wa TRA hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo unaweza kuilipia benki au kwa simu. Usilipe fedha taslimu mkononi mwa mtu yeyote, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Hatua ya sita: mtaalamu aliyejiajiri hana njia ya mkato

Utaratibu wa makadirio ya mauzo haumhusu kila mtu. Wanaotoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi, za ujenzi na za mafunzo hawamo, hata kama mauzo yao ni milioni 20 tu. Mwanasheria, mhasibu, mshauri na mkufunzi wote hutakiwa kuandaa hesabu kamili na kulipa kodi ya faida. Nadhani hili lingetangazwa kwa sauti kubwa zaidi, maana vijana wengi hutoka ofisini kwenda kujitegemea wakiwa wamepiga hesabu ya asilimia 3.5, kisha mwaka wa pili wakakutana na asilimia 30.

Kila mwaka, kabla ya 31 Machi, mtaalamu huyo huwasilisha makadirio ya faida ya mwaka huo na kuligawa deni katika awamu zilezile nne. Ngazi za mwaka ni zile za mshahara zikizidishwa kwa 12: shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi, na juu ya 12,000,000 kodi ni 1,536,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi.

Tuseme mshauri wa hesabu anatarajia ada za shilingi 36,000,000, na gharama zake za pango, umeme, intaneti, usafiri wa kikazi na msaidizi ni 12,000,000. Faida ni 24,000,000. Kodi ya mwaka ni 1,536,000 pamoja na 3,600,000, jumla 5,136,000. Lakini kama wateja wake wote ni kampuni, watakuwa wamemzuilia asilimia 5 ya 36,000,000, yaani 1,800,000. Kinachobaki ni 3,336,000, sawa na 834,000 kwa kila awamu. Asiye na vyeti hawezi kuziondoa zile 1,800,000, na hapo utaona kwa nini nilikawia sana katika hatua ya tatu.

Gharama zinazokubalika ni zile zilizotumika kikamilifu kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo, zikiwa na risiti halali. Ada ya shule ya mtoto na chakula cha nyumbani si gharama za biashara. Pale ambapo kitu kimoja hutumika pande zote mbili, kwa mfano gari au simu, gawa kwa uaminifu na uandike ulivyogawa. Mambo yakibadilika katikati ya mwaka, mteja mkubwa akiondoka au akiongezeka, wasilisha marekebisho ya makadirio badala ya kusubiri, kwa sababu makadirio yaliyo chini mno ya uhalisia huzaa riba. Kumbuka pia kwamba watoa huduma za kitaalamu hutakiwa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani bila kujali kiwango cha mauzo, ilhali wafanyabiashara wengine husubiri hadi milioni 200 kwa mwaka.

Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia hifadhi ya jamii. NSSF hupokea wanachama wa hiari waliojiajiri, na kwa maoni yangu mchango huo upangiwe siku yake ya mwezi kama ilivyo kwa pango, la sivyo hautalipwa.

Hatua ya saba: ukiwa na wateja wa nje

Anayetafuta mtandaoni maelezo ya kodi ya aliyejiajiri mara nyingi huangukia kurasa za Marekani na kuogopa bure. Huko ipo kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, ambayo ni mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 12.4 na wa bima ya afya ya wazee wa asilimia 2.9. Hutozwa raia na wakazi wa nchi ile. Mtanzania anayekaa Tabata na kufanya kazi yake akiwa Tabata haimhusu.

Kinachomhusu ni fomu ya W-8BEN, ambayo kampuni au jukwaa la Marekani humtaka aijaze kabla ya kumlipa. Kwa fomu hiyo anathibitisha kwamba si raia wala mkazi wa Marekani. Huduma iliyofanyika nje ya Marekani haihesabiwi kuwa mapato yenye chanzo kule, na kwa hiyo haistahili kukatwa asilimia 30 inayotozwa wageni. Fomu hukabidhiwa mlipaji na kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka iliposainiwa. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, kwa hiyo sehemu ya fomu inayouliza kuhusu mkataba huachwa wazi.

Hata hivyo mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake popote yalikopatikana, na kukosekana kwa zuio la huko kuna maana kwamba kodi yote unailipa hapa, kwa awamu za hatua ya sita. Weka kila malipo katika shilingi kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku uliyopokea, na tenga sehemu ya kila dola inayoingia kabla hujaitumia. Kama nchi ya mteja imekukata kodi kweli, tunza uthibitisho wake, kwa kuwa sheria yetu huruhusu kodi iliyolipwa nje kuondolewa kwenye deni la hapa ndani ya kikomo chake.

Hatua ya nane: ritani, na unapotofautiana na makadirio

Mwaka wa mapato kwa mtu binafsi huisha 31 Desemba, na anayetakiwa kuwasilisha ritani ya mwisho huiwasilisha kabla au ifikapo 30 Juni ya mwaka unaofuata. Hapo hujumlisha mapato yote ya mwaka, mshahara ukiwemo kama anao, huondoa gharama, hukokotoa kodi, kisha hutoa PAYE, zuio na awamu alizolipa. Akibaki anadaiwa hulipa, na akiwa amelipa zaidi stahili yake hubaki katika akaunti au huombewa marejesho. Ritani huwasilishwa hata kama biashara haikuingiza kitu. Aliyefunga duka bila kuitaarifu TRA huendelea kuhesabiwa kuwa anafanya biashara, na adhabu za kutowasilisha hupanda mwezi kwa mwezi juu ya duka ambalo halipo tena.

Afisa akikuletea tathmini usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu ulipoipokea kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, ukieleza sababu na kuambatanisha ushahidi. Pingamizi hupokelewa ukiwa umelipa kodi isiyo na ubishi au theluthi moja ya iliyotathminiwa, kile kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo, isipokuwa Kamishna Mkuu akikupunguzia au kukusamehe amana hiyo kwa sababu nzuri uliyoitoa. Usiporidhika na uamuzi wake, rufaa huenda Bodi ya Rufani za Kodi, kutoka hapo kwenye Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria. Siku 30 hizo zihesabu kwenye kalenda tangu siku uliyotia saini kupokea barua, na beba nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa unapotoka ofisini.